Seva tatu za GB 64 hazifanyi seva moja ya GB 192: kupanga kumbukumbu kwenye klasta ya Proxmox

Swali la watumiaji wa Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), huja kwa sura nyingi, ila ni lile lile: "Nina seva tatu, kila moja ina RAM ya GB 64. Nimeziunga klasta, na ukurasa wa Proxmox unaonyesha jumla ya GB 192. Mbona nikiunda mashine pepe ya GB 100 inakataa kuwaka?" Inakataa kwa sababu hizo GB 192 ni hesabu ya kujumlisha tu. Hakuna mahali zilipokaa pamoja.

Wengi wetu tunaifikiria kumbukumbu, yaani RAM, kama matangi ya maji juu ya paa: unganisha matatu kwa bomba, maji yanakuwa mamoja. Mimi naona mikokoteni inafaa zaidi. Mikokoteni mitatu ya kilo mia mbili kila mmoja itabeba magunia mengi kwa siku, lakini jiwe moja la kilo mia tano halipandi hata kwenye mmoja. Na bomba la kuunganisha lipo, ni mtandao, ila ni jembamba mno. Njia moja ya kumbukumbu ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Waya wa gigabiti 1 hupitisha GB 0.125, yaani pungufu mara mia mbili. Ucheleweshaji ndio mbaya zaidi. Prosesa hufikia kumbukumbu yake kwa nanosekunde mia hivi, na safari ya kwenda na kurudi kwenye mtandao wa kawaida ni mikrosekunde mia au zaidi. Hiyo ni mara elfu.

Kwa hiyo kwenye klasta hatuhamishi kumbukumbu kuifuata mashine. Tunahamisha mashine kuifuata kumbukumbu. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni hesabu na amri chache. VMware na wengine wana majina yao, lakini kanuni haibadiliki: mashine pepe moja huishi ndani ya seva moja.

Humu nikisema seva, namaanisha chuma chenyewe. Nikisema mashine, ni mashine pepe inayoishi ndani yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Seva tatu zenye Proxmox VE ya toleo moja. Mbili zinawezekana, ila soma kwanza habari za seva mbili kwenye hatua ya 3.
- Prosesa za kampuni moja, zote Intel au zote AMD. Vizazi vikitofautiana si neno.
- Kadi mbili za mtandao kwa kila seva, angalau. Moja ya klasta, nyingine ya kazi na uhamishaji.
- Hifadhi ya pamoja ya diski, kwa mfano NFS, yaani diski inayotumiwa kupitia mtandao.
- UPS. Umeme ukikatika seva zote tatu zinalala pamoja, na hakuna klasta itakayokusaidia hapo.
- Bakapu ya kila mashine, iliyojaribiwa kurudishwa. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu.

Hatua ya 1: Fanya hesabu kwanza

Watu huiruka hatua hii, kisha hurudi kwayo baada ya miezi mitatu wakiwa na hasira. Chukua karatasi.

Kila seva ina GB 64. Toa GB 4 za mfumo wenyewe. Kama diski zako ni za ZFS (mfumo wa mafaili), toa nyingine 6 za kashe yake, yaani sehemu ya RAM inayoharakisha usomaji wa diski. Zimebaki 54. Mara tatu ni 162. Sasa toa seva moja nzima, kwa sababu siku moja itakufa na mzigo wake lazima upokelewe na wenzake. Zimebaki 108.

Hiyo 108 ndiyo kumbukumbu yako. Ukiwaahidi watu zaidi ya hapo, unaahidi kitu ambacho kitakosekana siku kinapohitajika zaidi.

Ukiigawa sawa, kila seva hubeba GB 36 na kubaki na nafasi ya 18. Seva moja ikifa, GB 36 zake zinagawanyika 18 kwa 18, na kila iliyobaki inafika 54 kamili. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Lakini rudi kwenye lile jiwe. Tuseme seva ya kwanza ilikuwa na mashine mbili, moja ya GB 30 na nyingine ya GB 6. Ikifa, zipo nafasi za GB 36 na zinahitajika GB 36, na bado ile mashine ya 30 haina pa kwenda, kwa sababu nafasi zenyewe ni vipande viwili vya 18. Nafasi zilizotawanyika hazijumlishwi.

Kwa hiyo kuna masharti mawili, si moja: jumla ya mashine zote isizidi 108, na mashine kubwa kuliko zote iwe na pengo linaloitosha kwenye seva mojawapo ya zile nyingine. Kama una mashine ya GB 30, basi seva moja kati ya wenzake ibebe 24 tu. Ni ghali, ndiyo. Mara nyingi ni nafuu zaidi kuigawa hiyo mashine kuwa mbili.

Na unapopima matumizi ya sasa ndani ya mashine za Linux, tumia `free -h` na utazame safu ya "available", usitazame "free". Linux hujaza kumbukumbu isiyotumika kwa kashe ya mafaili, kwa hiyo "free" itakutisha bure.

Hatua ya 2: Majina, anwani na saa

Kila seva ipewe jina na anwani isiyobadilika kabla ya kuingia klasta, na majina yote yaandikwe kwenye `/etc/hosts` ya kila seva. Kubadilisha jina baada ya kujiunga ni kazi ya kutoa jasho. Saa zilingane, `chronyc tracking` ikuonyeshe tofauti ndogo mno.

Mfano nitakaotumia: mtandao wa klasta ni 10.10.10.0/24, wa uhamishaji na hifadhi ni 10.10.20.0/24.

Hatua ya 3: Unda klasta

Anzia kwenye seva yenye mashine tayari, kama ipo:

`pvecm create nyumbani --link0 10.10.10.11`

Kisha ingia kwenye seva ya pili, na baadaye ya tatu, ukibadilisha anwani ya mwisho:

`pvecm add 10.10.10.11 --link0 10.10.10.12`

Onyo: seva inayojiunga iwe tupu. Ikiwa na mashine ndani itakataliwa, kwa sababu namba za mashine zinaweza kugongana na zilizomo. Zichukulie bakapu, zifute, jiunge, kisha uzirudishe kwa namba mpya.

Angalia kwa `pvecm status`. Unataka kuona "Quorate: Yes". Akidi ni ile ile ya mikutano: zaidi ya nusu wawepo, la sivyo hakuna uamuzi. Kwenye seva tatu akidi ni mbili. Kwenye seva mbili akidi pia ni mbili, maana yake moja ikizimika, iliyobaki inajifunga na haikubali kuwasha wala kubadilisha chochote. Kama una mbili tu, tafuta kompyuta ndogo ya tatu, hata Raspberry Pi inafaa, iwekee `corosync-qnetd` iwe mpiga kura. Seva zenyewe ziwekee `corosync-qdevice`, kisha:

`pvecm qdevice setup 10.10.10.9`

Mtandao wa klasta hauhitaji kasi kubwa, unahitaji utulivu. Corosync, programu inayoziwezesha seva za klasta kusikiana, hutaka ucheleweshaji wa chini ya milisekunde 5. Mimi niliwahi kuuchanganya na mtandao wa bakapu ili kuokoa swichi moja. Saa nane usiku bakapu ikaanza, waya ukajaa, seva zikaacha kusikiana, na zote tatu zikajizima na kujiwasha kwa mpigo. Sikuokoa kitu.

Hatua ya 4: Hifadhi ya pamoja

Diski ikiwa mahali pamoja, kuhamisha mashine ni kuhamisha kumbukumbu yake tu.

`pvesm add nfs ghala --server 10.10.20.5 --export /mnt/vm --content images`

Ukipendelea Ceph, hifadhi inayosambazwa kwenye diski za seva zenyewe, kumbuka kuirudia hesabu ya hatua ya 1: kila diski yake hulenga kutumia GiB 4 za kumbukumbu kwa kawaida. Diski nne kwa kila seva, GB 16 zimeondoka. Kwa seva za GB 64 naona ni kubwa mno.

Hatua ya 5: Ifunge kamba kashe ya ZFS

Ruka kama hutumii ZFS. Zamani kashe hii ilichukua hadi nusu ya kumbukumbu ya seva. Tangu Proxmox VE 8.1, usakinishaji mpya huiwekea kikomo cha asilimia 10, isizidi GiB 16. Seva iliyopandishwa kutoka toleo la zamani hubaki na nusu yake. Weka kikomo mwenyewe, kwa mfano GiB 6, kwenye `/etc/modprobe.d/zfs.conf`:

`options zfs zfs_arc_max=6442450944`

Kisha `update-initramfs -u -k all` na uiwashe upya seva.

Hatua ya 6: Aina ya prosesa

`qm set 101 --cpu x86-64-v2-AES`

Hiyo 101 ni namba ya mashine, mfano tu. Usichague "host", yaani prosesa ya seva kama ilivyo, kwa mashine itakayohamahama, isipokuwa seva zako zote zina prosesa moja hasa. Mashine iliyozaliwa kwenye prosesa mpya ikihamia kwenye ya zamani itatafuta maagizo yasiyokuwepo, na itaanguka. Kosa hili halijionyeshi siku ya kwanza. Linasubiri siku ya uhamisho.

Hatua ya 7: Puto na KSM

Hapa ndipo kumbukumbu inapoazimana, lakini ndani ya seva moja tu. Haivuki waya.

Puto ni draiva ndani ya mashine. Seva ikikaribia kujaa, kwenye asilimia 80 hivi, puto hujivimbisha ndani ya mashine, likishika kumbukumbu isiyotumika na kuirudisha kwa seva. Wewe unaweka kiwango cha juu na cha chini:

`qm set 101 --memory 8192 --balloon 4096`

Linux ya kisasa ina draiva tayari. Windows inahitaji kuwekewa draiva za VirtIO pamoja na huduma ya puto, na hata hapo nisingeitegemea sana.

Hifadhidata na programu za Java usiziwekee kiwango cha chini. Zimeshapanga kumbukumbu yao, na puto likivimba zitaanza kusomea diskini. Weka namba mbili zilingane, kwa mfano `--memory 16384 --balloon 16384`. Ukiweka `--balloon 0` utakuwa umekiondoa kifaa chenyewe, na utapoteza pia takwimu za matumizi halisi ya ndani, ambazo ni nzuri kuwa nazo.

KSM ni jambo jingine. Kerneli ya Linux hupekua kurasa za kumbukumbu (vipande vya baiti 4096), na ikikuta mbili zinazofanana hubaki na moja. Mashine kumi zenye Debian ile ile zitafaidika. Kuona faida yake:

`cat /sys/kernel/mm/ksm/pages_sharing`

Zidisha kwa 4096 upate baiti. Kama unawauzia nafasi wateja wasiojuana, izime kwa `systemctl disable --now ksmtuned`, kisha `echo 2 > /sys/kernel/mm/ksm/run` ili zilizounganishwa ziachane. Kugawana kurasa hufungua mwanya wa mashine moja kuchungulia ya jirani.

Onyo ninalolirudia kila mara: faida ya puto na KSM usiitie kwenye hesabu ya 108. Mashine ikiwaka upya kwenye seva nyingine inafika na uzito wake wote. KSM huchukua muda kupekua upya, na puto huvimba taratibu. Yaani dakika ile seva moja imekufa, na nafasi ndiyo imekuwa finyu, akiba yako ya kuazima imeyeyuka. Zichukulie kama nyongeza ya sokoni.

Hatua ya 8: Hamisha mashine ikiwa hai

Kwenye `/etc/pve/datacenter.cfg` ongeza mistari hii miwili:

`migration: secure,network=10.10.20.0/24`

`crs: ha=static`

Wa kwanza unapeleka uhamishaji kwenye waya wake. Wa pili ni wa hatua ijayo. Jaribu:

`qm migrate 101 seva2 --online`

Mashine ya GB 16 kwenye gigabiti 1 huchukua dakika mbili na nusu hivi, kama imetulia. Kwenye gigabiti 10, chini ya nusu dakika. Kama ni mashine inayoandika sana itachelewa zaidi, kwa sababu kurasa zilizobadilika njiani hutumwa tena.

Fanya hivi kwa kila mashine, kwa kila seva. Inachosha, lakini ni bora ukwame mchana ukiwa na chai mkononi.

Hatua ya 9: Ufufuaji wa wenyewe

`ha-manager add vm:101 --state started`

Seva ikizimika ghafla, baada ya kama dakika mbili mashine hii itawashwa kwingine. Haihami, inawaka upya. Kilichokuwa kwenye kumbukumbu kimepotea.

Kwa kawaida mpangaji, yaani programu inayochagua seva ya kuziwashia mashine, huhesabu idadi ya mashine tu, hajali ukubwa wake. Ndiyo sababu ya ule mstari wa `crs: ha=static`: unamfanya atazame kumbukumbu na prosesa ulizoziandikia mashine. Hata hivyo hakatai kujaza seva kupita kiasi. Kukataa ni kazi yako, na uliifanya kwenye hatua ya 1.

Usiziingize mashine zote. Ya majaribio na ya yule mwenzako aliyeomba "ya wiki moja tu" mwaka jana, ziache nje. Ila kumbuka kwamba zilizo nje bado zinakalia nafasi kwenye seva zilizo hai, kwa hiyo andika orodha ya zitakazozimwa kwa mkono siku ya dhiki, na kila mwenye zamu awe nayo.

Hatua ya 10: Chomoa waya

Chagua siku ya mapumziko, watangazie watu, kisha chomoa umeme wa seva moja. Usiizime kwa adabu, chomoa. Tazama `ha-manager status` kwenye seva nyingine na uhesabu dakika. Tazama pia kumbukumbu za waliobaki zinafika wapi. Rudia kwa seva ya pili siku nyingine, kwa sababu mizigo yao haifanani.

Mambo yakikwama

*Mashine imezimika yenyewe, bila kosa lolote ndani yake.* Tafuta kwenye seva: `journalctl -k | grep -i "out of memory"`. Ukiona mchakato wa kvm (ndio unaoiendesha mashine) umeuawa, seva ilijaa na kerneli ikachagua wa kumtoa kafara. Kwa kawaida huchagua mnene kuliko wote, ambaye kwa bahati mbaya ndiye hifadhidata yako. Mashine mbili za GB 40 zitawaka vizuri kwenye seva ya 64, kwa sababu Linux hutoa kumbukumbu inapoguswa tu. Kifo huja baadaye, zote zikishiba.

*"cluster not ready - no quorum?"* Akidi haijatimia. Washa seva zilizolala au rekebisha mtandao. Amri ya `pvecm expected 1` hulazimisha, lakini itumie tu kama una hakika wengine wamezimwa kabisa. Seva mbili zikiwasha mashine moja kwa wakati mmoja kwenye diski moja, data itaharibika.

*Uhamishaji unakataa mara moja.* Mara nyingi ni faili la ISO lililosahaulika kwenye CD ya mashine, likiwa kwenye diski ya seva ile. Liondoe. Sababu ya pili ni kadi halisi, mfano ya picha, iliyokabidhiwa mashine moja kwa moja: mashine hiyo haihami ikiwa hai, na puto pia halifanyi kazi kwake.

*Uhamishaji unaendelea bila kuisha.* Mashine inachafua kurasa haraka kuliko waya unavyobeba. Subiri saa za utulivu, au ongeza kasi ya mtandao.

*Mashine ya Windows inaonekana imejaa muda wote.* Windows hugusa kumbukumbu yake yote inapowaka, basi seva inaihesabu yote. Ukiwa na huduma ya puto utaona matumizi ya ndani, vinginevyo namba hiyo ipuuze.

*Umeme umerudi, mashine hazipati diski.* Seva zimewaka kabla ya hifadhi. Washa hifadhi kwanza, subiri iitike, ndipo zifuate seva.

*"Lakini mimi nahitaji kweli mashine moja ya GB 100."* Basi nunua RAM, uijaze seva moja. Hiyo seva itakuwa kubwa kuliko wenzake, na ikifa hakuna wa kuipokea, kwa hiyo nunua mbili za namna hiyo. Au igawe programu yenyewe: PostgreSQL ina nakala za kusoma, Redis ina klasta yake, Spark ilizaliwa kwa kazi hiyo. Kuchangia kumbukumbu kati ya seva kwa maana halisi kupo, kupitia CXL, ambayo toleo lake la 2.0 la Novemba 2020 liliruhusu seva kadhaa kugawiwa kumbukumbu kutoka kisanduku kimoja kupitia swichi maalumu. Hiyo inataka prosesa na bodi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Seva za mtumba za GB 64 ulizonazo hazina.